Jina Kwenye Ukurasa wa Mwisho

Kila nikitwanga karafuu za pilau, naiona baraza ya bibi na fundi akitia karafuu kwenye gundi ya unga, wadudu wasije wakaula msahafu wetu wa kale, ulioandikwa kwa mkono na kuzungushiwa maua mekundu.

Alipomaliza kuushona na kuuvika ngozi mpya, akafungua ukurasa wa mwisho, wenye majina ya waliourithi, wanaume watupu.

“Bi mkubwa, sasa nimwandike nani?”

Mjomba akajikohoza, akaiweka kofia sawa.

“Mwandike mjukuu wangu,” bibi akasema, akinivuta mbele. “Binti huyu ndiye anayenisomea kila siku.”

Wanawake uani wakapiga vigelegele. Fundi akachovya kalamu, akaniuliza jina. Nikalitaja kwa sauti kubwa, likatoka na upepo mwingi, maana mbele nilikuwa kibogoyo.