Damu ya Mama Samaki

Kaka yangu ana bucha kule Kabiro, Kawangware. Ni mtu wa shingo nene, anayeweza kupasua ng'ombe mzima huku akibishana habari za siasa na wateja. Kwa hiyo binti yangu alipozidiwa, na daktari akasema anahitaji damu na kwamba tutafute watu wa kuchangia kwa sababu akiba ilikuwa imepungua, sikuwaza mara mbili. Nilimpigia kaka simu.

Binti yangu ana ugonjwa wa selimundu, ule unaokunja chembe za damu hadi zinakwama kwenye mishipa. Safari hiyo damu ilikuwa imeshuka hadi viganja vyake vikawa vyeupe, na hakuweza hata kunijibu vibaya. Huyu ni mtoto anayenijibu tangu alfajiri. Niliogopa sana. Nilifikiri nitampoteza.

Kaka alifika hospitalini na koti lake la bucha, matone na yote. Muuguzi akamfunga mpira mkononi, akampaka dawa, akatoa sindano.

"Sista," kaka akaniambia, "hiyo si ni ya ng'ombe?"

Kisha akaanguka pamoja na kiti. Alipozinduka alipewa soda ya wachangiaji, akaimaliza, akaomba nyingine. Damu hakutoa hata tone.

Nilirudi kwangu mtaa wa Lindi kuchukua nguo za mtoto nikiwa na hasira za kuongea peke yangu. Mlangoni nikakutana na Mama Samaki. Huyu ni jirani yangu, Mjaluo, anayekaanga samaki nje ya chumba chake, na moshi wake wote unahamia kwenye nguo nilizoanika. Mimi ni msusi, na ni Mluhya, mtu wa chai asubuhi hadi usiku, ambaye kwake samaki haingii. Wateja walikuwa wakiniuliza kama nasuka nywele au nauza mbuta. Salamu zetu zilikuwa za shingo upande.

"Kwani nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna. Mtoto anataka damu, na kaka yangu amezimia."

"Damu tu?"

Akaepua karai, samaki wakiwa bado weupe. Hapo nilijua mambo ni mazito, maana sijawahi kumwona akiacha samaki nusu. Akasimama katikati ya ploti yetu ya vyumba vya kupanga, mwiko mkononi.

"Nyinyi! Mtoto wetu anataka damu, na mmekaa tu hapo na zenu! Mnaziwekea nani?"

Wakatoka. Kea-teka anayesimamia ploti, fundi viatu, wapangaji ambao nilikuwa nawajua kwa kukohoa tu. Alikuja hata mlevi wa chumba cha mwisho, ambaye muuguzi alimnusa mara moja akamwambia aende akanywe maji, labda arudi mwakani.

Kule hospitalini Mama Samaki alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Kabla hajaulizwa neno, akatangaza, "Mimi ni shangazi yake. Wa damu kabisa."

"Mama, si lazima uwe ndugu," muuguzi akasema. "Nataka tu kujua uzito wako."

"Uzito? Hiyo ni siri ya mtu na Mungu wake."

Kuhusu undugu alikuwa amedanganya bila kupepesa macho, lakini mizani ilimtoa jasho. Alivua viatu, akavua kitambaa, akavua na hereni.

Muuguzi alitueleza vizuri kwamba damu hupimwa kwanza, na mtoto hupewa inayomfaa, iwe imetoka kwa yeyote. Wote waliitikia kwa heshima na hakuna aliyemwamini. Kesho yake, mtoto akiwa ameshaongezwa damu, walijazana kando ya kitanda kungoja kuona ni ya nani imeingia.

Binti yangu akafungua macho. Akatutazama mmoja mmoja.

"Mama," akasema, "nataka samaki."

Naapa sikumfundisha. Mama Samaki alirusha mikono, akacheza kati ya vitanda. "Imeingia! Yangu imeingia!"

"Ngoja kwanza," kea-teka akasema. Yeye ni Mluhya mwenzangu na alikuwa ameumia moyoni. "Mtoto bado hajamaliza kuongea."

"Na chai," mtoto akaongeza. "Chai mingi."

Kea-teka akamkumbatia muuguzi, ambaye hakuwa ameomba. Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Siku ya kuruhusiwa, daktari aliniita pembeni. Alisema mtoto yuko sawa, ila ugonjwa huu hauondoki, na damu atahitaji tena, pengine mara nyingi. Nilitoka nikakaa kwenye benchi la ukumbini. Chumvi unaweza kumwomba jirani kila wiki. Damu utaiombaje mara ya pili? Utaanza na maneno gani?

Mama Samaki alinikuta pale nikilia. Alikuwa amembeba binti yangu mgongoni, tayari kwa safari ya nyumbani.

"Daktari amesema nini?"

"Atahitaji tena."

Akanitazama, akangoja sehemu mbaya ya habari. Alipoona nimemaliza, akampandisha mtoto vizuri mgongoni.

"Sasa hiyo ndiyo unalilia? Wewe mama, tuko pale ploti kila siku, tunakula, tunalala, tunatengeneza ingine."