Nilikubali Kioo, Nikakataa Kiti cha Mbele

Kosa ni langu, msinitafutie wa kunisaidia kulibeba. Mume wangu hana hatia, yule dada wa bima hana hatia, hata ng'ombe aliyevuka barabara hana hatia. Ni mimi na wivu wangu!

Ngoja nitoe ya moyoni. Mimi ni Mkenya wa upande wa Bungoma, nimeolewa hapa Mbale, Uganda, na nilikuwa nauza mashuka ya mitumba mtaa wa Namakwekwe. Mume wangu ni askari magereza, kazi yake iko Jinja. Mtaa mzima unamwita Afande, na mimi humwita hivyo hivyo, hasa nikikasirika. Tulijinyima mpaka tukanunua gari dogo la kumleta nyumbani akipata likizo.

Jamani, gari lile halikunipa raha! Watu wakinipa hongera, mimi nawaza: huko Jinja anambeba nani? Akifika, kabla hata ya kumpa chai, naenda kukagua kiti cha mbele. Huku kwetu kiti hicho ni cha mama mwenye nyumba, kila mtu anajua. Siku moja nikakuta kimevutwa mbele kabisa, cha mtu mfupi. Na mimi ni mrefu!

"Nilimpeleka shangazi hospitali kutoka Buwenge. Anaumwa jicho," akasema.

Shangazi! Nikaguna tu, nikaenda kuweka chai. Lakini roho ilikuwa inachemka.

Ndipo akaja yule dada wa bima. Mfupi, mweupe, sauti laini kama anabembeleza mtoto. Mfupi, mmesikia? Akaketi sebuleni kwangu, akaeleza. Bima kubwa ya gari tulikuwa tumeshakubali. Zilibaki nyongeza za hiari: ya kioo, ya kuvutwa gari likikwama njiani, ya kupewa gari la kutumia lako likiwa gereji, na ya abiria, yaani aliyekaa ndani akiumia, bima inamtibu.

"Mama, tuchukue gani?" Afande akaniuliza. Kwa heshima kabisa!

Ya gari la kutumia nilikataa, na hapo sikukosea, teksi zipo tele. Ya kuvutwa na ya kioo nikakubali, maana malori ya barabara ya Jinja yanarusha mawe. Kufika kwenye ile ya abiria, Afande akarukia, "Hiyo ni ya muhimu. Weka."

Haraka ya nini? Damu ikanipanda kichwani.

"Abiria gani, Afande? Wewe umekuwa teksi? Nani huyo wa kiti cha mbele wa kulipiwa matibabu kwa jasho la mashuka yangu? Au ni huyu hapa, amekuja kujikatia bima yake mwenyewe?"

Dada wa watu akainama. "Nyabo," akaniita mama kwa Kiganda, "mimi nauza bima tu."

"Uza basi, lakini si kwa kiti changu!"

"Mama, wivu yako itakumaliza," Afande akasema kwa kile Kiswahili chake cha kambini. Kisha akamgeukia dada, "Toa ya abiria. Mimi nataka amani kwa nyumba."

Nikajiona mshindi. Nikachinja na kuku!

Likizo iliyofuata Afande akasema atanipeleka Nakaloke siku ya soko, nikauze huko. Nikavaa gauni la kanisani, nikakaa kiti cha mbele, nikakirudisha nyuma kwa urefu wa miguu yangu, nikawapungia majirani mkono ili wanione vizuri. Tulikuwa karibu kufika, ng'ombe akakatiza ghafla. Afande akamkwepa, gari likaingia mtaroni na kugonga mti. Ubavu uliogonga ni ule niliokaa mimi.

Afande alitoka na mikwaruzo. Mimi mguu ulivunjika vibaya, goti na chini yake.

Bima ililipa, msidhani ilikimbia! Gari likavutwa, likanyooshwa, likapakwa rangi, kioo kikawekwa kipya. Mimi niliyekaa nyuma ya kioo hicho sikuwa kwenye hesabu. Kibanda changu na mashuka yote vikauzwa kulipa hospitali, na bado goti halikupona. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi niliingia nimevaa gauni la kanisani.

Yule dada alikuja kuniona wodini, kaniletea ndizi. Mnajua nilifanya nini? Nikayafuata macho ya Afande, nione kama anamwangalia! Na chuma mguuni!

Nikamuuliza, "Niambie ukweli. Ile ya abiria alikuwa anamkatia nani?"

Akashangaa. "Nyabo, hukujua? Siku ya kwanza kunipigia aliuliza kitu kimoja tu: nikipata ajali mke wangu yuko pembeni, nani atamtibu?"

Niligeukia ukuta nikalia. Siku chache baadaye akaja shangazi wa Buwenge, mfupi kweli, na kitambaa juu ya jicho. Nikalia tena.

Ndugu zangu, wake kwa waume, nyongeza za bima si zote zina maana, nyingine zikataeni bila aibu. Lakini kabla hujasema hapana, uliza inamlinda nani, na usimwachie wivu akujibie. Wivu ulinionyesha mwanamke kwenye kiti kile, kumbe mwanamke mwenyewe ni mimi.

Afande bado ananibeba, wala hajawahi kunisimanga. Ila goti halikunjiki tena, kwa hiyo napanda nyuma, nimenyoosha mguu juu ya kiti chote. Kile cha mbele nilichokipigania kiko kitupu.