Utulivu wa Wenseslaus

Kule juu ya Himo, kwenye vijiji ambavyo migomba imezificha nyumba zote, mtu akiwa na mtoto mchanga asiyelala alielekezwa kwa Salvina. Hakuwa mganga, na ukimwita mkunga alikukatalia. Alikuwa mjane wa Kichagga aliyezaa sita, mwenye ng'ombe mmoja zizini na ulimi usio na breki, na alikuwa na mikono. Asubuhi, jua likishapasha ua, alikaa mkekani akanyoosha miguu, akamlaza mtoto juu ya mapaja na kuchovya vidole kwenye samli aliyoipika mwenyewe. Alianzia nyayo, akapanda polepole, akazungusha kiganja tumboni, kisha akaikutanisha mikono ya mtoto kifuani na kuifungua tena. Mtoto aliyeletwa akipiga mayowe aliondoka amelala. Akina mama walishukuru kwa mkungu wa ndizi, naye alijifanya anakataa huku ameshaupokea.

Basi Aristides, kitindamimba wake aliyebaki naye kihambani, kwenye shamba la migomba la ukoo, alipopata mtoto wa kiume, na mtoto akapewa jina la marehemu babu yake, Wenseslaus, Salvina alijiona kama ameposwa upya. Alimwita "mume wangu". Alimchua kila siku, na mume huyo hakumsumbua hata kidogo. Hakurusha mateke wala kukunja ngumi, na akilia ilikuwa sauti ya kitoto cha paka kilichofungiwa stoo. Wanajumuiya wa kanisa walipokuja kusali walimtazama wakasema hawajapata kuona mtoto mtulivu namna hii. Salvina alizinywa sifa hizo hadi tone la mwisho. Sifa nazo ni kama mbege, ile pombe ya ndizi, humwangusha mtu akiwa bado anacheka.

Aliyeanza kuwa na wasiwasi ni Tabitha, mke wa Aristides. Alisema mtoto ananyonya kidogo halafu anachoka, na shingo haijakaza ilhali wenzake kliniki wanainua vichwa. Alitaka wampeleke hospitali kubwa Moshi. Salvina alimjibu kwamba watoto wa nyumba hii huchelewa, hata Aristides alichelewa kutembea, na haraka haraka haina baraka. Aristides, mwanamume mzima mwenye ndevu zake, akasema mama amelea sita. Mazungumzo yakaishia hapo, maana mbele ya mama yake hakuwa na neno lingine.

Ubaya ni kwamba Salvina mwenyewe aligundua. Siku moja jirani yao Eunike alimleta binti yake wa umri uleule, mnene na mkorofi. Salvina aliwalaza wote wawili kwenye kanga moja. Akamshika binti mguu, mguu ukamsukuma. Akamfungua mikono, mikono ikagoma, ikakamata kidole chake na kukivutia mdomoni. Kisha akamgeukia mjukuu wake. Mguu wa Wenseslaus ulikwenda ulikopelekwa, na alipouachia ulidondoka tu. Palepale alijua. Mikono iliyoshika watoto wa kijiji kizima haikuhitaji kuambiwa. Eunike akatania kwamba angependa wabadilishane watoto walau kwa usiku mmoja apate usingizi, na Salvina akacheka naye.

Angeweza kusema siku ile. Alijiambia atasema baada ya ubatizo, kisha akasema baada ya Pasaka. Kweli ni kwamba aliona haya. Angeanzaje kuwaambia watu kuwa kile alichojivunia mbele ya jumuiya nzima kilikuwa ugonjwa, na kwamba mkwe wake, msichana wa juzi, alikuwa amekiona kabla yake? Akaendelea kumchua. Tabitha akigeuka, Salvina alimfinya mtoto unyayo kwa siri, akiomba teke moja tu. Teke halikuja.

Pasaka ikapita, mvua za masika zikaanza, na kifua cha mtoto kikajaa. Alitaka kukohoa, akashindwa. Walimteremsha Moshi wamemviringisha blanketi, na huko daktari akawaeleza kwa upole kwamba misuli ya mtoto ilikuwa dhaifu tangu tumboni. Kuchuliwa hakukumletea ugonjwa huo na kusingeuondoa. Lakini kama angeletwa mapema, wangefundishwa namna ya kumlisha na kumlaza, na kifua huenda kisingefika hapa. Madaktari walimpunguzia taabu ya kupumua kadiri walivyoweza. Mwishowe wakawaambia wazazi wakae naye nyumbani, kwa kuwa siku zake hazikuwa nyingi.

Jioni waliporudi, Tabitha aliketi mbele ya mama mkwe wake, mtoto akiwa kifuani. Hakupandisha sauti.

"Mama, mikono yako haikukuambia kitu?"

Salvina angeweza kusema uongo. Aristides alikuwa amesimama mlangoni, tayari kumtetea.

"Iliniambia," akasema. "Tangu siku ile Eunike alipomleta mwanawe. Niliona haya, mwanangu."

Aristides akatoka nje bila kumtazama mama yake. Salvina akadhani hatasemeshwa tena katika nyumba hiyo. Tabitha akainuka na kumlaza mtoto juu ya mapaja ya bibi yake.

"Mchue. Lakini usimtulize, Mama. Nataka nimsikie akilia kama watoto wa watu."

Salvina alichovya vidole kwenye samli. Akafinya unyayo, akafinya paja, akasugua mgongo kwa nguvu ambayo hakupata kuitumia kwa mtoto yeyote, huku machozi yake yakimwangukia mtoto. Wenseslaus akakunja uso. Akafungua mdomo, na machozi yakamtoka kweli, lakini sauti haikuja. Wanawake wote wawili wakainama, masikio karibu na kinywa chake, wakangoja.