Vistari Kumi na Saba

Nikiwaambia watu kwamba nasomea sayansi ya tabia, wengi huniuliza kama naweza kusoma mawazo yao. Baba, ambaye ni fundi wa kufuli na vitasa, hakuuliza. Siku niliyopata nafasi chuoni alinibandika jina la Profesa, akawatangazia wateja wake wote mpaka nikaona haya kupita kibandani kwake.

Mwaka wa pili mhadhiri alitupa zoezi. Chagua mtu mmoja wa nyumbani, chagua kitendo chake kimoja, kihesabu kila siku kwa wiki mbili. Asijue, na usimwingilie. Kwa kiherehere changu nikamchagua baba, maana tumebaki wawili tangu mama afariki, na kitendo chenyewe kikawa kukagua kitasa cha mlango wa mbele. Nilidhani darasa zima litavunjika mbavu: fundi wa kufuli asiyeiamini kufuli yake.

Kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku nilikaa mezani, daftari dogo nimelificha nyuma ya kitabu kikubwa. Anakibonyeza kitasa, anauvuta mlango, anarudi kukaa: kistari kimoja. Siku ya kwanza vilikuwa vitatu. Siku ya nne, sita. Siku ya saba kumi na kimoja, na sasa alikuwa akichungulia na dirishani huku chakula kinapoa.

Hapo kicheko kiliniisha. Baba mdogo, ndugu yake wa tumbo moja, alianza na milango. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka alivyokuwa akiisukuma mmoja mmoja, kisha akaacha kulala, kisha likaja gari la hospitali ya wagonjwa wa akili. Hakurudi. Darasani tulishaambiwa kwamba maradhi mengine huandama ukoo. Hata hivyo niliendelea kuchora vistari. Kwa nini sikumuuliza? Mhadhiri alisema nisimwingilie, ndiyo, lakini sheria ile niliigeuza ngao tu. Nililiogopa jibu.

Siku ya kumi na mbili vilifika kumi na saba. Baba alirudi kukaa, akasema bila kunitazama, "Leo umepata ngapi, Profesa?"

Nikakisogeza kitabu kulifunika daftari. "Ngapi nini, baba?"

"Usinifanye mtoto, mwanangu. Kila nikiinuka, na kalamu inainuka. Baba yako mdogo naye walianza kumwandika hivyohivyo. Alikuja mtu na daftari, akakaa naye siku kadhaa, anaandika tu. Baadaye wakamchukua." Akautazama mlango. "Ndiyo maana nakwenda mlangoni kusikiliza kama gari limefika. Niambie tu ukweli. Wanakuja lini?"

Nikamsukumia daftari na kumweleza yote, zoezi na mhadhiri na upuuzi wangu wa kutaka kuchekesha watu. Alivaa miwani yake ya kazi, akavifuata vistari kwa kidole cheusi kwa grisi.

"Hivi vitatu vya mwanzo ni vyangu?"

"Ndiyo."

"Na hivi kumi na saba?"

"Hivyo ni vyangu mimi, baba. Nisamehe."

Alicheka kidogo, akasema basi, yaishe, tule. Daftari nililichana mbele yake. Zoezi nilipata sifuri na wala sikujali. Tulipomaliza kula aliinuka kwenda mlangoni kama alivyozoea miaka yote, lakini mkono ukamsimama karibu na kitasa. Akageuka kunitazama, kisha akautia mfukoni.

Ni miezi minne sasa, na mbele yangu hajakigusa tena. Nikiwa chumbani kwangu namsikia akinyata sebuleni, halafu kimya. Sijui kama anakagua mara tatu au mara thelathini. Sijui kama ni mzima au ameanza kama nduguye. Siwezi kujua tena, kwa sababu amejifunza kunificha, na aliyemfundisha ni mimi.