Nyimbo za Mke wa Marehemu

Mimi ni mtu wa ndani. Mdogo wangu, ninayeishi naye, husema siku nikifa hakuna haja ya kunitoa nje, nizikwe hapo hapo chini ya cherehani. Nina cheti cha kidato cha nne, cherehani ya miguu, televisheni na sabufa, na kwa mali hiyo sijaona cha kunipeleka mjini isipokuwa uzi ukiisha. Hata na jirani yangu, tunayetenganishwa naye na ua wa michongoma tu, huku upande wa Mazimbu, tulizoea kuongea kila mtu akiwa kwake. Akitaka kiberiti, napitisha juu. Nikitaka ungo, anapitisha juu. Yeye ni mtu wa Mlali, mcheshi, na mumewe hulima mpunga Dakawa, akilala huko msimu mzima. Kila mwaka msimu wa mpunga ulikuwa unarefuka kidogo, na kila mwaka jirani yangu alisema ni mambo ya maji ya mfereji.

Mwaka jana ilikuja tamthilia ya upelelezi, ya nchi za mbali, iliyotiwa sauti za Kiswahili. Kipande kimoja kilinikaa kichwani. Mwanamume anaaga anakwenda kazini mji mwingine, kumbe huko ana nyumba ya pili. Mtaa mzima unajua, hadi muuza maziwa, mkewe ndiye anayejua wa mwisho. Akishajua, anampikia mchuzi wa sumu. Kisa kitamu, lakini muziki wake! Kama paka aliyebanwa na mlango. Mama analia, paka. Jeneza linatoka, paka.

"Huyu mama angekuwa wa huku," nikamwambia mdogo wangu, "angepigiwa nyimbo za maana."

"Si umpigie wewe? Kwani una kazi?"

Nilikuwa na sare za shule za watu za kushona. Nikaziweka pembeni, nikachukua simu, nikaanza kumtengenezea mwanamke asiyekuwepo pleilisti, kama wasemavyo vijana. Mume anaaga: nikaweka dansi la zamani, magitaa yanalia polepole. Mke anaanza kuhisi: taarabu. Mke anagundua wengine walijua zamani: taarabu nyingine, kali zaidi, ya yule anayechekwa mtaani naye anatabasamu. Nyumba ya pili: taarabu ya mwenye kujigamba kwamba sasa yeye ndiye anayempikia mume. Polisi wanakimbiza: singeli. Mwisho nikaweka kwaya ya huzuni, ingawa mimi ni Mwislamu, kwa sababu marehemu yule alizikwa kwa kengele. Nikaipa jina: Mke wa Marehemu. Nilijiona fundi.

Asubuhi yake nilikuwa nafua nyuma ya nyumba. Nikaiweka sabufa dirishani, ikitazama uani, nikafungulia. Upande wa pili wa michongoma jirani alikuwa anatwanga. Lilipoisha dansi, taarabu ya kwanza ikaanza, nikasikia mchi umepunguza mwendo. Ya pili, mchi ukanyamaza. Nami, Mungu anisamehe, nikafurahi. Nikasema moyoni, jirani leo kapata burudani. Nikafuta povu mikononi, nikaenda kuongeza sauti. Ile ya mke anayejua wa mwisho niliirudia, kwa kuwa nilikuwa nasugua kola ngumu na ilinipa nguvu.

Mchana nikaomba ungo.

"Ungo una matumizi," akajibu, na hakuja kwenye ua.

Nikarudi ndani. "Jirani leo kanuna nini?" nikamuuliza mdogo wangu.

Akaniangalia kama anavyoangalia chai iliyotiwa chumvi. "Dada. Umempiga mwenzio mipasho tangu asubuhi, halafu unaniuliza kanuna nini?"

Hapo ndipo nilipokaa chini. Nani asiyejua? Nimezaliwa nayo: taarabu haipigwi hewani ikapotea, ina mtu wake. Ukitaka kumwambia mwanamke jambo ambalo mdomo unaogopa, unageuzia spika kwake, unauachia wimbo useme. Mtoto wa chekechea anajua. Mimi nilikuwa nimemgeuzia spika mwanamke ambaye mumewe yuko mbali, nikampangia nyimbo kwa utaratibu: anaaga, unahisi, watu wanajua, anapikiwa na mwingine. Halafu nikamalizia na kwaya ya msiba.

"Nenda kamwambie ni tamthilia," mdogo wangu akasema. "Zunguka tu pale kwenye geti lake."

"Nitakwenda."

Sikwenda. Kwanza mvua ilishuka kutoka milima ya Uluguru, halafu ikawa jioni, halafu nikasema mtu aliyekasirika aachwe apoe. Mtu wa ndani hakosi sababu. Kesho yake nikamwona kupitia michongoma amejifunga khanga mpya, kashika mfuko, anafunga kufuli. Bodaboda alikuwa anamsubiri. Ningeweza kupiga kelele. Nilikuwa na pini mdomoni, nikajiambia nizitoe kwanza. Nilipomaliza kuzitoa, moshi wa pikipiki ulikuwa umeshatawanyika. Nilijua anakwenda Dakawa.

Alirudi siku ya pili jioni. Mara hii yeye ndiye aliyekuja uani.

"Shoga."

Nikatoka na sindano mkononi.

"Nimefika," akasema. "Nikamkuta mwanamke, binti mdogo tu, anatwanga uani. Shati la mume wangu liko kwenye kamba, lile la mistari, uliloshona wewe. Mwenyewe yuko shambani. Nikaomba maji. Yule binti akanipa kwa mikono miwili, akaniambia shikamoo mama. Nikamwitikia. Ningefanyaje? Nikasema nimepotea njia, natafuta mbegu."

Nikaichomeka sindano kwenye kola ya gauni langu.

"Nimekuja kukushukuru. Wote walijua, hata kina dada zangu. Wewe tu ndiye uliyekuwa na moyo wa kunipigia."

Ningetukanwa ningepona. Shukrani ile iliniingia kama sindano ya cherehani kwenye kucha. "Jirani," nikasema, "wallahi sikujua. Ni tamthilia. Nilimtengenezea nyimbo mama wa kwenye televisheni. Sikukupigia wewe."

"Sawa. Usinitajie aliyekwambia."

"Hakuna aliyeniambia! Tazama." Nikampitishia simu juu ya michongoma. Akasoma jina la orodha. Akalisoma tena.

"Mke wa marehemu," akasema. "Kwa hiyo huyo mume alikufa?"

"Mkewe alimtilia sumu kwenye mchuzi."

Akacheka. Alicheka mpaka akashika ua, miiba ikamchoma, akaendelea kucheka huku machozi yanashuka. "Mimi nikifungwa, nani ataniletea chakula? Wewe? Wewe hata geti langu hulijui rangi!"

Nilicheka naye, lakini lilinibaki. Alisema kweli. Kama ningezunguka siku ile ningemwambia ukweli akiwa bado na mume wa msimu wa mpunga, na labda angeujua ule mwingine, wa Dakawa, siku aliyoitaka mwenyewe, si kwa khanga mpya na kikombe cha maji ya mke mwenzie. Labda. Au angeendelea kudanganywa, nami ningeitwa jirani mwema. Sijui lipi lina dhambi kubwa.

Akanirudishia simu. "Mume wangu anakuja Ijumaa. Akishaingia nitakohoa. Nifungulie ile ya tatu, kwa sauti. Mimi mdomo wangu hautaweza."

Nikasema sawa. Ningekataaje?

Ijumaa niliweka sabufa dirishani. Baada ya swala nikasikia pikipiki, nikasikia gunia la mchele linatuliwa, nikasikia sauti ya mumewe akiita hodi kwa furaha. Kidole kilikuwa juu ya simu. Jirani akakohoa.

Sikuweza. Wimbo ule ulishasema mara moja bila kutumwa. Kuutuma sasa, mimi nikiwa nimejificha nyuma ya pazia, niliona ni kumwacha peke yake tena. Jirani akakohoa mara nyingine. Nikaiacha simu juu ya sare za watu, nikavaa kandambili, nikazunguka. Geti lake ni la bluu.

Nilimkuta amesimama, mume amekaa kwenye kigoda anafuta jasho. "Karibu shemeji," mume akasema, "leo umetoka?"

Nikakaa kwenye mkeka wa jirani yangu. Akaniangalia, akaangalia mikono yangu mitupu, akaelewa kwamba hakuna wimbo.

"Yule binti wa Dakawa," akamuuliza mumewe, "hajambo?"

Mume hakumtazama mkewe. Alinitazama mimi kwanza, kwa muda, kama mtu aliyeshajua maneno yametokea nyumba gani. Ningeweza kumwambia ni tamthilia. Nilinyamaza, nikaliacha jicho lake liniangukie, na jirani yangu akakaa karibu yangu.