Jani la Sale kwa Anaeli, Anayekwenda kwa Wageni

Niliondoka Kikatiti kwa sababu moja: kumfikishia mdogo wangu Anaeli jani la sale kabla hajapelekwa juu kupigana na wageni. Nasema wale walioshuka kutoka angani, ambao mpaka leo hatujawapatia jina lingine. Siku hizi waliohukumiwa kunyongwa wanapelekwa kwao badala ya kitanzi. Hajarudi hata mmoja.

Anaeli alimuua jirani yetu Loti kwa jembe, wakigombea zamu ya maji ya mfereji. Hilo silipunguzi. Loti alikuwa mtu mzuri, na zamu ilikuwa yake.

Alfajiri ile Baba Loti aliniita mpakani mwa kihamba chake, shamba lake la migomba. Sisi Wameru tunaombana msamaha kwa sale, na tulishampelekea mara nyingi akakataa. Hakuwa na kosa kukataa. Safari hii alilikata jani yeye mwenyewe.

"Mpe mkononi. Mwambie nimeacha."

"Na nikimkosa, baba?"

"Usinirudishie. Sale likirudi limekataliwa, si unajua?"

Mpaka mjini Arusha nilipewa lifti na pikapu ya ndizi, kisha nikapata Noah ya kwenda Oldonyo Sambu. Upande ule mlima si kama wetu. Kwetu ni migomba na kahawa, kwao ni upepo, vumbi na mbuzi. Pengine naeleza vibaya, maana njia nzima nilikuwa nalinda jani lisivunjike.

Oldonyo Sambu nilifikia kwa Mama Naserian, mfugaji, ambaye boma lake linapakana na kambi ya wafungwa.

"Karibu mgeni!" alisema, halafu akajishika mdomo, akacheka. "Neno hili litaniponza. Juzi nimemwita shemeji yangu mgeni, akasusa chai."

Nilicheka pia. Akanipa maziwa, akaliona jani, akaacha kucheka. "Kunywa haraka, dada. Wanapakiwa kabla jua halijawa kali."

Langoni kulikuwa na kibao: WAGENI, na mshale wa kulia. Nikafikiri ni kama hospitali, saa ya wageni kuona wagonjwa. Nikapanga foleni nyuma ya wafugaji, nikidhani nao wana ndugu zao ndani. Sikumuuliza mtu. Niliona aibu kutamka kwamba mimi ni dada wa muuaji.

Nilipofika dirishani, askari kijana aliniuliza, "Umewaona wapi?"

"Sijamwona bado, afande. Ndiyo nimekuja kumwona."

"Kumwona nani?"

"Anaeli. Mdogo wangu."

Akaweka kalamu chini. "Mama, hapa ni kwa walioona wale wageni wenyewe, wametua wapi, wamechukua ng'ombe wa nani. Watu wa wafungwa ni geti la nyuma." Hakunikaripia, lazima niseme hivyo. "Kimbia," alisema.

Nilikimbia. Huko nyuma wanaume walionyolewa vichwa walikuwa wameshafika kwenye mlango wa chombo cha kuwapeleka juu, wamenipa mgongo, mbali. Nikaliinua jani juu ya waya, nikaita jina lake tena na tena. Injini ilikuwa inanguruma. Mmoja akainua mkono. Nikadhani ni yeye. Halafu wote wakainua mikono. Kumbe walikuwa wanakaguliwa.

Chombo kikapaa. Mbuzi wa Mama Naserian hawakuinua hata vichwa, wameshazoea.

Nililifunga jani kwenye seng'enge, kwa kuwa kulirudisha nisingeweza. Kama huko ni kumdanganya Baba Loti, mimi sijui. Nilichojifunza katika safari ile ni kidogo, na hakimsaidii mtu tena: swali moja tu, nikivumilia aibu yake, lingenifikisha geti la nyuma kwa wakati.

Jioni nilimkuta Baba Loti kwenye mfereji, anamwagilia.

"Alipokea?"

Nikamweleza yote: kibao, ule mkono, waya. Nilijitahidi nisiongeze kitu. Alitazama maji yakipita miguuni pake.

"Basi," alisema, "msamaha wangu umepokelewa na seng'enge."

Zamu yake ilikuwa imekwisha. Akaokota jembe, akaziba upande wake, maji yakaja kwetu.