Kiroba cha Dirishani

Stesheni ya Vwawa ilinukia dizeli na karanga za kukaanga, na mimi nilifika pale na wasiwasi wangu. Nilikuwa bado mtoto, na mwaka ule kaka yangu Ezekia alisoma Tunduma, akiishi kwenye chumba cha kupanga, na chakula chake kilimfuata kwa treni. Mama mwenyewe hakupanda. Alisubiri mabehewa yasimame, akapita dirisha hadi dirisha akitafuta mwanamke mwenye mtoto mgongoni, kisha akampandishia kiroba cha unga na maharage. "Dada, nisaidie. Mwanangu atakuwa Tunduma, amevaa sare." Basi. Hata jina hakuuliza. Nilichukia sana tabia ile. Nilimkazia macho kila mpokeaji nishike sura yake, maana kiroba kikipotea, Ezekia angelala njaa.

"Mama, unamjua?"

"Ana mtoto. Atakimbilia wapi?"

Siku moja wenye watoto walikosekana, akampa mwanamume wa koti jeusi asiyecheka. Nikajua tumeshaibiwa. Ezekia aliporudi likizo nilimhoji kama askari. Alisema viroba vyote vilimfikia, na bado nikahisi anamficha mwizi.

Mwaka huu nilipanda treni ileile, nikitaka tu kuiona njia. Viti vimechanika, nyasi zimemeza vituo. Pale Vwawa mama mmoja akanisukumia kiroba dirishani. "Samahani, baba. Binti yangu Neema atakipokea Tunduma." Treni ikaondoka kabla sijakataa. Tunduma ni mpakani. Kikikutwa na bangi, atakayelala ndani ni mimi. Nilivumilia kidogo tu, kisha nikafungua kamba na kuzamisha mkono hadi chini. Maharage na sweta. Nikafunga upya, vibaya.

Pale Tunduma, Neema aliitazama kamba kwanza, halafu mimi.

"Umefungua, baba?"

"Nimefungua, binti yangu. Niliogopa."

Akachuchumaa palepale, akamwaga maharage kwenye khanga, akaikung'uta sweta, akapapasa mifuko yake. Nilisimama nikisubiri kama mtuhumiwa, na aibu ilinichoma kweli. Alipomaliza alisema asante bila kuniangalia usoni.

Mama yangu alikwishafariki. Angekuwepo Vwawa siku ile, angenipa kiroba chake kwa sababu mimi ni mwanawe. Kwa kuitazama sura yangu tu, sidhani.